Kuzuru Italia kwa treni: Wapi wanandoa wakimbie, wapi waende polepole

Na Mwandishi Wetu

YAPO maswali mawili ambayo wanandoa wanaopanga kuzuru Italia huulizana kabla ya kukata tiketi ya ndege: Je, fedha zitatosha? Je, siku zitatosha? Kwa sehemu kubwa, majibu ya maswali yote mawili yamo katika reli.

Mwandishi wa makala haya alilibaini hilo Oktoba 2024, aliposafiri na mkewe kwa siku 10 kutoka Roma hadi Venice na kurudi. Ilikuwa fungate iliyochelewa. Tulifunga ndoa miaka 10 nyuma, tukaahirisha safari kwa sababu ya kodi ya nyumba, kisha ada za watoto, kisha msiba mmoja baada ya mwingine, mpaka neno lenyewe likageuka kuwa mzaha wa nyumbani. Fedha zilipopatikana, zilipatikana kwa kuhesabiwa. Hapakuwa na nafasi ya kukosea mara mbili.

Makala haya yanaeleza jinsi treni za Italia zinavyofanya kazi, zinakupeleka kwenye miji gani, na ni wapi msafiri mgeni hujikuta akilipa zaidi ya alivyokusudia.

Treni za aina mbili

Reli ya kwanza katika rasi ya Italia ilifunguliwa Oktoba 3, 1839 kati ya Napoli na Portici, miaka 22 kabla ya kutangazwa kwa taifa moja la Italia mwaka 1861. Reli nyingi zilizofuata zililazwa wakati miji ikiwa bado midogo, hivyo stesheni zikajengwa kandokando ya kuta zake za kale. Ndiyo maana hadi leo, katika miji mingi, abiria hushuka akiwa na mwendo mfupi wa miguu kufika katikati ya mji. Uwanja wa ndege hauwezi kumpa mtu nafuu hiyo.

Kwa msafiri wa kawaida, treni za nchi hiyo zinagawanyika katika mafungu makubwa mawili: treni za kasi na treni za mikoa.

Msomaji aliyekwisha kupanda treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, anaufahamu mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Treni za kasi za Italia hufikia kilomita 300 kwa saa. Zipo Frecciarossa za shirika la serikali, na zipo Italo za kampuni binafsi iliyoanza kutoa huduma mwaka 2012. Ushindani wa hizo mbili umewanufaisha abiria. Katika treni hizo, tiketi ina namba ya behewa na ya kiti, na nauli hupanda na kushuka kama ya ndege. Anayekata mapema hulipa kidogo, na anayekata siku ya safari anaweza kulipa mara kadhaa ya bei hiyo. Hata hivyo, tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi hazibadilishwi wala hazirudishiwi fedha. Ukichelewa, umepoteza.

Treni za mikoa ni kinyume chake. Nauli hufuata umbali, haipandi hata ukikata tiketi dakika 10 kabla ya treni kuondoka, na kiti ni cha atakayewahi. Husimama kwenye miji midogo ambayo treni ya kasi huipita bila hata kupunguza mwendo. Kati ya Roma na Florence, treni ya kasi hutumia takriban saa moja na nusu, wakati ile ya mikoa hutumia zaidi ya saa tatu na nusu.

Mtu anaweza kudhani kwamba hesabu hiyo inamaliza mjadala. Haimalizi, kwa sababu saa zile mbili za ziada ndizo zenye miji.

Orvieto, mji juu ya mwamba

Stesheni kuu ya Roma inaitwa Termini. Wageni wengi hudhani jina hilo linatokana na mwisho wa reli, lakini asili yake ni mabafu makubwa ya kale ya mfalme Diocletian, ambayo magofu yake yapo jirani. Kutoka hapo, Colosseum ni vituo viwili tu kwa treni ya chini ya ardhi.

Baada ya siku tatu za kutembea Roma tuliiacha treni ya kasi iondoke, tukapanda ya mkoa iendayo kaskazini. Baada ya muda usiozidi saa moja na nusu tukashuka Orvieto. Mji huo umejengwa juu ya jabali la volkano lenye kingo zilizosimama wima, na stesheni iko chini bondeni. Anayetaka kupanda huvuka barabara na kuingia katika kibehewa kinachovutwa kwa kamba ya chuma hadi mjini.

Huko juu kuna kanisa kuu ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1290, lenye uso uliopambwa kwa michoro ya vijiwe vya rangi na dhahabu. Lakini kilichotushika zaidi ni kisima. Mwaka 1527, majeshi ya mfalme Charles wa Tano yalipoiteka na kuipora Roma, Papa Clement wa Saba alikimbilia Orvieto. Akiogopa kwamba mji ukizingirwa watu watakufa kwa kiu, aliamuru kichimbwe kisima chenye kina cha zaidi ya mita 50. Mbunifu wake, Antonio da Sangallo Mdogo, alikizungushia ngazi mbili zisizokutana, kila moja ikiwa na vidato 248: moja ya kushukia, nyingine ya kupandia, ili nyumbu waendao kuchota maji wasigongane na wanaorudi nayo.

Mke wangu alitangulia. Nilipokuwa nusu ya njia nikishuka, yeye alikuwa tayari ameanza kupanda upande wa pili. Tulipungiana mikono kupitia madirisha yaliyotobolewa kwenye ukuta wa kisima, mita chache tu baina yetu, lakini hakuna aliyeweza kumfikia mwenzake. Nilimkuta juu ameketi kwenye kivuli, akicheka. Ni mara ya kwanza katika miaka mingi kwamba mmoja wetu alimngojea mwenzake bila ya kutazama saa.

Florence, au Firenze

Msafiri ajue kwamba mbao za stesheni zimeandikwa kwa Kiitaliano. Mji ambao wengi wanaufahamu kwa jina la Florence huandikwa Firenze, Venice huandikwa Venezia, na Naples huandikwa Napoli. Neno "partenze" ni treni zinazoondoka, "arrivi" ni zinazowasili, na "binario" ni njia ambayo treni yako itasimama. Katika matangazo ya karatasi yaliyobandikwa ukutani, ya kuondoka huwa ya njano na ya kuwasili huwa meupe. Anayesoma karatasi nyeupe akidhani ni ya kuondoka ataingoja treni inayotoka huko anakotaka kwenda.

Stesheni ya Florence, Santa Maria Novella, ilifunguliwa mwaka 1935 na ni kazi ya kundi la wasanifu lililoongozwa na Giovanni Michelucci. Ukitoka nje unakabiliwa na kanisa lililoipa stesheni jina, na mwendo wa dakika 10 hivi kwa miguu unakufikisha kwenye kuba la kanisa kuu. Filippo Brunelleschi alilisimamisha kuba hilo kati ya mwaka 1420 na 1436 kwa mamilioni ya matofali, bila jukwaa la mbao la kulishikilia kutoka ardhini. Mafundi walipanga matofali kwa namna iliyofanya kila duara jipya lijishikilie lenyewe. Wanaotaka kufika kileleni hupanda vidato 463, na hakuna lifti.

Hapa kuna jambo moja la kuzingatia. Nyumba za sanaa za Florence, hususan Uffizi na Accademia yenye sanamu ya Daudi iliyochongwa na Michelangelo kati ya mwaka 1501 na 1504, huwa na misururu mirefu. Tiketi yenye saa maalumu, iliyokatwa siku kadhaa kabla kwa njia ya mtandao, huokoa nusu siku. Tulikaa Florence usiku wa tatu tukiitumia kama kituo, tukiacha mizigo hotelini na kutoka asubuhi kwenda miji ya jirani.

Faini iliyotufikisha Lucca

Ni katika safari ya jirani hiyo tulipofanya kosa. Tulinunua tiketi za karatasi za treni ya mkoa iendayo Pisa, umbali wa saa moja, tukaikimbilia treni iliyokuwa karibu kuondoka. Hatukuzigonga.

Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa haihesabiwi kuwa imeanza kutumika mpaka igongwe kwenye vimashine vilivyofungwa ukutani au kwenye nguzo za stesheni, ambavyo huichapa tarehe na saa. Ikishagongwa, hudumu kwa saa nne. Isipogongwa, mtu anaweza kuitumia leo na kesho, na kwa macho ya mkaguzi aliye nayo hana tofauti na asiyekuwa na tiketi. Kwa wanaonunua tiketi za mikoa kwa simu, tangu Agosti 2023 wanatakiwa kuthibitisha safari kwenye simu kabla ya kupanda. Tiketi za treni za kasi hazihitaji lolote kati ya hayo, kwa kuwa tayari zina tarehe, saa na kiti.

Mkaguzi alikuwa mpole, lakini kanuni ni kanuni na kosa lilikuwa letu. Tulilipa faini papo hapo, na fedha hizo ndizo tulizokuwa tumezitenga kwa ajili ya chakula cha mchana na cha jioni cha siku ile. Tulikaa kimya kwa vituo viwili. Kila mmoja alikuwa akifikiri ni nani aliyemharakisha mwenzake.

Funzo kwa msomaji: gonga tiketi kwanza, ndipo ukimbie. Ukikuta mashine ni mbovu, andika tarehe na saa kwa kalamu juu ya tiketi, na umtafute mkaguzi wewe mwenyewe kabla hajakufikia.

Kuhusu Pisa, mnara wake ulioinama ulianza kujengwa mwaka 1173 na kukamilika takriban miaka 200 baadaye. Ulifungwa mwaka 1990 kwa hofu ya kuanguka, wahandisi wakaondoa udongo kidogo kidogo chini ya upande ulionyanyuka, na Desemba 2001 ukafunguliwa tena ukiwa umenyooshwa kwa karibu nusu mita kileleni. Wageni wengi hushuka Pisa Centrale na kutembea karibu nusu saa. Ipo stesheni nyingine ndogo, Pisa San Rossore, ambayo iko mwendo wa dakika chache tu kutoka mnarani, na treni za kwenda Lucca husimama hapo.

Hiyo ndiyo tuliyoipanda mchana ule. Lucca iko mwendo wa nusu saa hivi, na imezungukwa na ukuta wa kilomita nne na ushei ulio mzima, mpana kiasi kwamba juu yake pana barabara yenye miti. Ulijengwa kati ya karne ya 16 na ya 17 ili kuwazuia maadui, lakini adui aliyeujaribu zaidi alikuwa maji. Mwaka 1812 mto Serchio ulipofurika, malango yalifungwa na mji ukaokoka. Leo wenyeji huutumia kwa kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli.

Kwa kuwa hatukuwa na fedha za hotelini, tulinunua mkate, jibini na zabibu katika duka la mtaani, tukala tukiwa tumeketi kwenye nyasi juu ya ukuta huo. Wazee walipita wakipiga soga, watoto wakatoka shule. Mke wangu alisema kwamba kama si ile faini, tungekuwa tumejifungia ndani ya mgahawa wa watalii. Sikuwa na la kubisha.

Saa iliyosimama Bologna

Kutoka Florence kwenda Bologna tulichagua kasi, na kwa sababu nzuri: hakuna cha kutazama. Reli hiyo iliyofunguliwa Desemba 2009 ina urefu wa kilomita 78 hivi, na zaidi ya 70 kati ya hizo ziko ndani ya mahandaki chini ya milima ya Apennini. Baada ya chini ya dakika 40 unatokea Bologna, kwenye majukwaa yaliyojengwa chini ya ardhi.

Abiria asikimbilie nje. Kwenye ukuta wa stesheni hiyo ipo saa iliyosimama daima saa 4:25 asubuhi. Ni wakati ambao, Jumamosi ya Agosti 2, 1980, bomu lililotegwa katika ukumbi wa kungojea treni wa daraja la pili lililipuka na kuua watu 85, na kujeruhi wengine zaidi ya 200. Ilikuwa mwanzo wa likizo ya Agosti, na ukumbi ulijaa familia na vijana waliokuwa safarini. Mahakama ziliwatia hatiani watu wa makundi ya siasa kali za kulia. Ukumbi huo bado unatumika. Sehemu ya ukuta uliopasuka imeachwa kama ilivyokuwa, na jirani yake kuna jiwe lenye majina na umri wa waliokufa.

Tulisoma majina hayo na miaka yao, mengine ya watoto wadogo, huku abiria wakiendelea kuketi na mabegi yao wakingojea treni. Watu wale walikuwa kama sisi, wakielekea mapumzikoni.

Mji wenyewe ni wa wanafunzi. Chuo kikuu chake, ambacho kwa desturi huhesabiwa kuanza mwaka 1088, kinatambuliwa kuwa kikongwe kuliko vyote barani Ulaya. Mitaa imepakana na vibaraza vya matao ambavyo kwa jumla hufikia takriban kilomita 62, na mwaka 2021 UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mtu anaweza kuuzunguka mji siku ya mvua bila kufungua mwavuli.

Venice na wakazi wanaopungua

Kwa kwenda Venice tulirudi kwenye treni ya mkoa, takriban saa mbili kupitia Ferrara na Padova. Angalizo: zipo stesheni mbili kubwa zenye jina la Venezia. Venezia Mestre iko bara, na wageni wengi hushuka hapo kimakosa. Unakotaka ni Venezia Santa Lucia, kituo kimoja mbele, ng'ambo ya daraja la reli la zaidi ya kilomita tatu lililofunguliwa mwaka 1846. Ukitoka mlangoni, badala ya barabara unakuta maji, na badala ya daladala unakuta boti za abiria.

Daraja hilo ndilo lililouunganisha mji huo na nchi kavu, na leo linaleta watu wengi kuliko unavyoweza kuwabeba. Mwaka 1951 mji huo wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Agosti 2022 walishuka chini ya 50,000, kwa kuwa nyumba nyingi zimegeuzwa za kupangisha wageni na bei zimewashinda wenyeji. Mwaka 2024 manispaa ilianza kuwatoza euro 5 wageni wasiolala mjini katika siku za msongamano, na mwaka 2025 waliochelewa kujiandikisha walitozwa euro 10. Waliolala katika manispaa hiyo hawakutozwa ada hiyo, kwani hulipa kodi ya wageni kupitia nyumba za kulala. Anayepanga safari aangalie kalenda ya manispaa, kwani siku za tozo hupangwa upya kila mwaka.

Sisi tulilala usiku mbili. Jioni, treni za mwisho zilipowachukua wageni wa mchana, tuliona madirisha mengi yakibaki gizani. Mji huo una uzuri usiosemeka, na una upweke.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Mtanzania anahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ilipanda hadi euro 90 Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiletwe chini ya siku 15 kabla. Hutakiwa bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, uthibitisho wa malazi na wa uwezo wa kifedha. Usilipie tiketi za treni zisizorudishiwa fedha kabla ya viza kutoka.

Migomo ya reli si jambo geni Italia, lakini hutangazwa mapema. Kwa treni za mikoa, katika siku za kazi, huduma ya lazima hutolewa kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Aidha, saa za stesheni huhesabiwa kuanzia usiku wa manane: 15.00 ni saa tisa alasiri. Usiisome kwa Kiswahili.

Begi liwe dogo, kwa sababu utalibeba mwenyewe kwenye ngazi za stesheni na madaraja ya Venice. Na mtu asiyemjua akijitolea kukusaidia kwenye mashine ya tiketi, mshukuru na ushike pochi yako.

Siku ya mwisho tulirudi Roma kwa treni ya kasi, takriban saa nne kutoka Venice. Njiani tulipita kwa saa chache kila mahali tulipokuwa tumepita kwa wiki nzima. Karibu na Orvieto mke wangu alinigusa bega na kunyoosha kidole dirishani. Jabali lilionekana, na mji juu yake, kwa muda wa kuvuta pumzi chache. Waliokuwa viti vya mbele yetu hawakuinua macho kutoka kwenye simu zao. Kwao ulikuwa mwamba tu.